Detekta ya Maji ya Chumvi

Kwenye pwani ya mashariki ya Florida, kuanzia Sebastian kushuka hadi Fort Pierce, kuna watu ambao kwa miaka kadhaa wamekuwa wakisubiri mashine. Si wengi. Huja ufukweni alfajiri maji yakiwa yamekupwa, mkononi fimbo ndefu yenye sahani ya duara mwishoni, masikioni hedifoni, begani chekeche la chuma lenye mpini. Hutembea taratibu, macho chini, kama watu waliodondosha ufunguo. Mashine walizo nazo ni za bei kubwa, na kwenye mchanga mkavu zinafanya kazi vizuri. Lakini wakishuka pale wimbi linapolowesha mchanga, mashine huanza kulia ovyo, au hunyamaza kabisa, na mwenye nayo hulazimika kupanda tena juu. Hiyo wanayoisubiri, wameambiwa, haitawarudisha juu.

Kwetu Tanzania chombo hiki si kigeni. Wachimbaji wadogo wa Chunya na Geita hukiita detekta, nami nitakiita hivyohivyo. Detekta ya Chunya na ya Florida ni ndugu wa tumbo moja, ila ya Florida ina mtihani ambao mwenzake wa nchi kavu haujui, nao ni chumvi.

Nimeishi hapa miaka tisa, nikifanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao. Mmoja wa wazee hao, fundi umeme mstaafu, ndiye aliyenifundisha nusu ya ninayoyaandika. Nusu nyingine nimeitafuta mwenyewe vitabuni, kwa sababu nilitaka kuelewa inakuwaje mtu wa miaka 78 asubiri chombo kwa hamu ya mtoto anayesubiri Idi.

Detekta ilizaliwa kitandani kwa mgonjwa. Julai 2, 1881, James Garfield, rais wa Marekani, alipigwa risasi katika stesheni ya reli mjini Washington na mtu aitwaye Charles Guiteau. Risasi moja ilibaki mwilini, na madaktari hawakujua iko wapi. Waliitafuta kwa vidole na kwa vyuma ambavyo havikuchemshwa, wiki baada ya wiki. Alexander Graham Bell, ambaye miaka mitano kabla alikuwa amepata hataza ya simu, alijitolea kusaidia. Alichukua wazo la Mwingereza David Hughes: koili mbili zinazosawazishwa hadi zisitoe sauti yoyote, kisha kipande cha metali kikisogea karibu usawa unavunjika na simu iliyounganishwa nazo inavuma. Bell alikijaribu chombo chake kwenye nyama, kisha kwa maaskari wazee waliokuwa na risasi za vita miilini. Kilifanya kazi.

Kwa rais hakikufanya kazi. Bell alikwenda Ikulu Julai 26, akarudi tena Agosti 1, na mara zote mbili chombo hakikuweza kumwonyesha risasi ilipo. Baadaye aligundua kwamba chini ya godoro alilolalia rais kulikuwa na godoro jingine la nyaya za chuma. Tena Dokta Willard Bliss, aliyekuwa mkuu wa matibabu, alikuwa ameshaamua kwamba risasi iko upande wa kulia, na huko ndiko Bell aliruhusiwa kupima. Garfield alipelekwa Elberon, New Jersey, kando ya bahari, kwa matumaini kwamba upepo wa pwani ungemsaidia. Akafia huko Septemba 19. Walipompasua walikuta risasi iko kushoto.

Mzee wangu anapenda sana kisa hiki, na nadhani najua kwa nini. Watu husema chombo cha Bell kilishindwa. Ukweli ni kwamba kilisikia zaidi ya ilivyotakiwa: kilisikia godoro zima, na katika kelele za godoro risasi ikapotea. Tangu siku ile hadi leo hii ndiyo shida ya detekta. Kusikia inasikia. Kuchagua ndiko kunakoishinda.

Miaka ya kati naipita haraka. Katika miaka ya 1930 Mjerumani aliyehamia California, Gerhard Fischer, ambaye jina lake huko liliandikwa Fisher, alikuwa akishughulika na vifaa vya redio vya kuongozea ndege. Aliona kwamba vifaa hivyo vinapotoka karibu na metali, akawaza kuligeuza kosa hilo liwe kazi. Akapewa hataza mwaka 1937. Kisha ikaja vita. Luteni wa Kipolandi, Józef Kosacki, aliyekuwa amekimbilia Uskoti na jeshi lake, alisanifu detekta ya kutafutia mabomu yaliyotegwa ardhini. Uzito wake ulikuwa chini kidogo ya kilo 14, na mtu mmoja aliweza kuibeba. Hakudai malipo, aliwapa Waingereza bure. Detekta zipatazo 500 zilipelekwa El Alamein mwaka 1942, na inasemekana ziliongeza mwendo wa wasafisha njia kutoka mita 100 kwa saa hadi mita 200. Jangwani mchanga ni mkavu, na bomu lilikuwa dude kubwa la chuma. Mashine haikuhitaji masikio ya hali ya juu.

Vita vilipokwisha, detekta hizo zilibaki maghalani, zikauzwa kwa raia kwa bei ya chee. Hapo ndipo zilipofika ufukweni.

Kip Wagner alikuwa mjenzi wa nyumba kutoka Ohio aliyehamia sehemu hii ya Florida ninayoishi. Watu wa hapa walikuwa na habari ambayo hawakuitilia maanani: baada ya dhoruba, hasa upepo wa kaskazini-mashariki unapopiga siku kadhaa na kuula ufukwe, vipande vyeusi vya fedha hubaki juu ya mchanga. Kwa watoto wengine vilikuwa vya kurusha majini. Wagner alianza kuviokota. Alipovisafisha aliona ni sarafu za Kihispania, na akagundua jambo: hakuna hata moja yenye mwaka unaozidi 1715.

Usiku wa kuamkia Julai 31, 1715, tufani iliukuta msafara wa meli za Hispania uliotoka Havana wiki moja kabla, umebeba fedha na dhahabu za makoloni kumpelekea Mfalme Felipe wa Tano. Meli 11 ziliangamia kwenye miamba na fungu za pwani hii, na watu zaidi ya 1,000 wakafa. Walionusurika walipiga kambi kwenye kilima cha mchanga nyuma ya ufukwe. Wahispania walirudi kuzamia walichoweza, maharamia nao wakaja kuipora kambi, kisha miaka ikapita na mahali pakasahaulika. Wataalamu wa wakati wa Wagner waliamini kwamba meli zile zilizama mbali zaidi kusini.

Wagner alinunua detekta chakavu ya jeshi kwa dola 15. Alipanda nayo nyuma ya ufukwe akapitapita hadi ilipolia, na palipolia ndipo ilipokuwa kambi. Kutoka hapo akakisia meli ziko wapi majini. Yeye na wenzake waliunda kampuni, na mwezi Mei 1964 wapiga mbizi walikuta sarafu za dhahabu zaidi ya 1,000 chini ya bahari. Mwaka uliofuata, katika toleo la Januari, jarida la National Geographic lilichapisha habari yake, na eneo lote likaja kujulikana kama Pwani ya Hazina. Ukienda leo utakuta jina hilo kwenye mabango ya mawakala wa nyumba, kliniki za meno na mafundi wa viyoyozi.

Lakini angalia detekta ya dola 15 ilifanya kazi wapi. Ilikuwa juu, kwenye mchanga mkavu. Sarafu za ufukweni kwenyewe Wagner aliziokota kwa macho. Hata ule mkufu maarufu wa dhahabu wa mwaka 1962, wenye kipuli cha umbo la joka, mpwa wake aliuona kwa macho tu akitembea mchangani. Kwenye ukanda ule mwembamba ambapo bahari huja na kurudi, mashine ya jeshi ilikuwa kama godoro la Garfield.

Sababu yake ni rahisi kuieleza, ila imewachukua wahandisi miaka mingi kuitafutia dawa. Detekta hutuma uga wa sumaku chini. Uga ule ukikuta kitu kinachopitisha umeme, mikondo midogo ya umeme huzunguka ndani ya kitu hicho, nayo huzaa uga wake wenyewe, na mashine husikiliza huo unaorudi. Sasa lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na maji ya namna hiyo yanapitisha umeme. Si sana, ukilinganisha na shaba au fedha, lakini ni mengi. Kwa mashine, mchanga uliolowa ni kama bati jembamba lililotandazwa pwani nzima, tena bati lisilotulia, kwa kuwa kila wimbi linabadilisha unene wake.

Mtu atasema basi iambie mashine ipuuze chumvi. Inawezekana. Shida ni kwamba pete nyembamba ya dhahabu, hereni, au mkufu laini wa shingoni hujibu karibu sawasawa na chumvi. Sarafu nene ya fedha ina sauti yake na haichanganywi na kitu, lakini dhahabu ndogo imekaa jirani kabisa na maji ya bahari, ukuta kwa ukuta. Ukiiambia mashine isahau chumvi, inasahau na mkufu. Nilipoelewa hilo nilielewa kwa nini mzee anasema kuwa bahari haifichi dhahabu kwa kuizika, inaificha kwa kuigiza sauti yake.

Wahandisi wamejaribu njia mbili kuu. Ya kwanza ni kutuma masafa zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Chumvi hulijibu kila safa kwa namna inayotabirika, kwa hiyo ukilinganisha majibu unaweza kuitoa hesabuni. Mwaka 1991 Fisher walitoa mashine ya masafa mawili, na kampuni ya Minelab ya Australia ikatoa Sovereign yenye masafa 17. Wazee wa ufukweni bado huzizungumza mashine hizo kwa heshima, kama madereva wetu wanavyoizungumza Land Rover 109.

Njia ya pili ni ya mapigo. Mashine hutoa pigo moja kali la umeme, inakata, inatulia kidogo sana, kisha inasikiliza. Jibu la chumvi hufa upesi. La metali huchelewa kidogo. Ukisubiri sehemu kama kumi za milioni ya sekunde, chumvi imeshanyamaza na metali bado inasema. Mwingereza Eric Foster alifanya kazi hii tangu miaka ya 1960 akiwa na maabara ya wanaakiolojia wa Oxford, na wengi waliofuata wamepita njia yake. Mashine ya mapigo huenda chini zaidi na haiogopi bahari. Ila ina kasoro mbili. Mkufu mwembamba nao jibu lake hufa upesi, kwa hiyo ukisubiri mno chumvi inyamaze, mkufu unanyamaza nao. Na kasoro ya pili ndiyo inayovunja migongo: mashine hizi nyingi haziwezi kutofautisha pete na msumari. Siku nzima unachimba misumari, vizibo vya bia, na waya kutoka gati iliyobomolewa na kimbunga mwaka usiojulikana.

Kwa hiyo kinachosubiriwa ni hiki: mashine ya mapigo inayoanza kusikiliza mapema kiasi cha kuukuta mkufu kabla haujanyamaza, ambayo pia inajua chuma ni chuma. Si ndoto tupu. Mwaka 2020 kampuni ya Fisher ilitoa idadi ndogo ya mashine ya namna hiyo, Impulse AQ, iliyotokana na kazi ya mhandisi mmoja Mfaransa na iliyokusudiwa dhahabu ya ufukwe wa chumvi. Ilikuwa imezungumzwa miaka kadhaa kabla ya kuonekana. Waliopata waliitetea, waliokosa waliikosoa, na wote wakaendelea kusubiri itakayofuata.

Mzee wangu anasubiri ya kampuni nyingine, ambayo nitaiacha bila jina. Nimeona jinsi kusubiri huko kunavyoendeshwa, na nakiri kwamba kuna ufundi ndani yake. Kwanza inatoka picha ya nusu ya mashine, sehemu nyingine imefunikwa. Miezi inapita. Inatoka video fupi ya mkono wa mtu unaochota mchanga, na ndani ya mchanga kitu kinang'aa. Bei haitajwi. Tarehe nayo haitajwi kama tarehe, inatajwa kama robo ya mwaka, na robo hiyo ikifika inasogezwa mbele kwa maneno ya adabu. Mwaka wa kwanza mzee aliahidiwa kabla ya majira ya vimbunga, mwaka wa pili baada ya majira ya vimbunga. Fedha ameziweka kando, kwenye bahasha iliyo ndani ya kopo la kahawa, na mimi ndiye ninayejua liko wapi endapo atasahau.

Ana daftari. Kila alichokipata tangu aanze kimeandikwa humo: tarehe, hali ya maji, upepo, kina kwa inchi. Ukurasa baada ya ukurasa ni chubwi za risasi za wavuvi, vishikio vya makopo ya soda, sarafu za senti 25. Pete za ndoa 14, ambazo tisa aliwarudishia wenyewe. Na mstari mmoja, baada ya dhoruba ya kaskazini-mashariki, alioupigia mistari miwili chini: nusu reale ya fedha, haina umbo, nyeusi kama kaa.

Hiyo yote si sababu ya haraka aliyonayo. Sababu ya haraka ni masikio. Mashine ya mapigo huzungumza kwa sauti tu. Unapotembea inavuma mvumo mwembamba usiokatika, na kitu kidogo kilichozama sana hakikupigii kengele. Kinauinua mvumo ule kidogo mno, kama mtu aliyevuta pumzi chumba cha pili. Ndiyo dhahabu hiyo. Nami ndiye ninayempeleka mzee kwa daktari wa masikio. Nimeuona mchoro wake, mstari unaotambaa vizuri kisha unaanguka upande wa sauti nyembamba, na kila mwaka unaanguka mapema zaidi. Kuna kifaa anachovaa, lakini chini ya hedifoni kinapiga mluzi. Kwa hiyo yako mashindano ya vitu viwili: wahandisi wasiomjua wanajitahidi kuifanya mashine isikie mapema zaidi, na yeye kila mwezi anasikia pungufu.

Siku moja, tukitoka kwa daktari, nilimuuliza kwa nini asinunue moja kati ya zile nzuri zilizopo sasa. Alinitazama kama nimemwambia mtu anayesubiri meli apande ngalawa. "Zilizopo nimeshazisikia," alisema. "Najua zinachoweza kuniambia."

Ningependa aipate. Naliandika hili waziwazi kwa sababu yanayofuata yanaweza kueleweka vibaya.

Mwaka 1944, wakati wa vita vilevile vilivyoieneza detekta, askari wa jeshi la anga la Australia aitwaye Maurie Isenberg alikuwa mtambo wa rada katika visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa mwa nchi hiyo. Siku ya mapumziko alikwenda kuvua samaki, na mchangani akakuta sarafu tisa. Akazitia kwenye kopo. Zilikaa humo hadi mwaka 1979, alipozipeleka zitambuliwe. Nne zilikuwa za kampuni ya Kiholanzi, ya zamani kabisa ya mwaka 1690, nyingine za karne iliyofuata. Tano zilikuwa za shaba kutoka Kilwa.

Mimi ni mtu wa Lindi. Mama yangu amezaliwa Kilwa Masoko. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza niliinuka kitini. Sarafu za Kilwa ni vitu vidogo, vya kununulia vitu vidogo. Hazina mwaka. Badala yake zina vina: upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yanayopatana na jina hilo kwa sauti. Hazikusafiri sana, moja imewahi kupatikana Great Zimbabwe, na hiyo tayari ni habari. Na hizi tano zilikuwa takriban kilomita 10,000 kutoka zilikotengenezwa, upande wa pili wa Bahari ya Hindi.

Zilifikaje? Meli ya Kilwa? Mreno aliyezibeba mfukoni? Mholanzi aliyezikusanya pamoja na zake? Jibu lingeweza kuwa ndani ya mchanga wenyewe: zilikuwa tabaka moja na zile za Kiholanzi au chini yake, zilikuwa zimefungwa pamoja au zimetawanyika, kando yake kulikuwa na mkaa, mbao, kigae. Isenberg alikuwa akivua samaki. Alichokumbuka ni mahali, akaweka alama ya X kwenye ramani. Mwaka 2013 msafara wa watafiti ulioongozwa na Ian McIntosh ulikwenda na ramani ile hadi kisiwani. Sarafu nyingine ya Kilwa hawakuiona.

Siwezi kumlaumu Isenberg. Asingeinama, tusingejua lolote. Ila huwa naliweka tukio hilo kando ya jingine, la Mtambwe Mkuu, Pemba. Huko mwaka 1984 wanaakiolojia walifukua sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo kuliko ukucha, zenye majina ya watawala wa pwani yetu. Nazo hazina tarehe. Lakini katika hazina ileile kulikuwa na dinari chache za dhahabu kutoka nje, nyingi za Wafatimi, na hizo zina tarehe. Kwa kuwa zilizikwa pamoja, dhahabu iliipa fedha umri wake: karne ya 11. Sasa fikiria mtu mwenye detekta nzuri ametangulia mwaka mmoja. Angechukua dhahabu, ambayo ndiyo yenye bei, na zile punje nyeusi za fedha angeziona kama magamba ya samaki. Zingebaki, na zingebaki bila umri.

Kwenye fukwe za Kilwa Kisiwani na Kisimani Mafia, bahari inaendelea kuula mji wa kale. Sarafu za shaba zimekuwa zikiokotwa huko kwa macho na mikono mitupu tangu zamani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa Tanzania kabla ya mwaka 1863, na kufukua bila leseni ni kosa. Nina heshima na sheria hiyo. Lakini ufukwe ni mrefu na walinzi ni wachache, na detekta za Chunya zilifika Chunya bila kuandikiwa barua ya mwaliko. Kilichozizuia zisishuke pwani, kwa kadiri ninavyoweza kufikiri, ni kwamba pwani hakuna dhahabu ya kutosha kumlipa mchimbaji, na kwamba mashine ya nchi kavu ukiifikisha kwenye maji ya bamvua inapiga kelele kama jogoo aliyekanyagwa. La kwanza linategemea bei ya soko. La pili ndilo wanalolitafutia dawa.

Nilimweleza mzee haya yote jioni moja, sarafu za Kilwa, Wessel, dinari za Mtambwe. Alisikiliza kwa sikio lake la kushoto, ambalo ni zima kidogo kuliko la kulia. Kuhusu Mtambwe alikubaliana nami mara moja. Alisema ndiyo maana yeye huandika kina. Akafungua daftari kunionyesha safu ya inchi, mwaka baada ya mwaka, hata kwa vizibo vya bia. Ile nusu reale ilikuwa inchi 11, chini ya tabaka la makombe. Alisema kama mtu wa chuo akija kuuliza, atampa daftari lote.

Kisha akauliza habari za Kilwa. Si habari za masultani. Alitaka kujua maji yanapokupwa yanakwenda mbali kiasi gani. Nikamwambia yanakwenda mbali, unaweza kutembea. Akauliza kama mchanga ni mweupe au una ule weusi unaovutwa na sumaku. Nikamwambia ninaoukumbuka ni mweupe, na mbele kidogo ni matope na mikoko, na kwamba maji ni ya chumvi kama haya ya hapa. Akaitikia kwa kichwa, akaifunua peni, akaandika.